Majibu mazuri ya kolesteroli si ruhusa ya kuacha statini

Mhariri,

Wagonjwa wengi huacha atovastatini, mojawapo ya statini (dawa za kushusha kolesteroli), siku majibu ya maabara yanaporudi mazuri. Wanaichukulia kama dawa ya malaria: dozi imekwisha, ugonjwa umetoka. Kwa aliyewahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, kosa hilo ni la hatari, maana kipimo kile huangalia damu, hakiangalii ukuta wa mshipa.

Humo ukutani ndimo mafuta yanamojikusanya, yakafunikwa na utando. Utando ukiwa mwembamba kama ule wa maziwa yaliyochemka, hupasuka. Damu huganda juu ya kidonda na njia ikaziba. Statini hupunguza mafuta hayo, hutuliza uvimbe unaoula utando, na utando ukakomaa. Tena, kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) inachokizuia ndicho kinachodhibiti njia ya kutengeneza vitu vinavyoamsha protini iitwayo Rho. Rho ikitulia, seli za ndani ya mshipa hutoa nitriki oksaidi zaidi: mshipa hulegea, na chembe za kugandisha damu hazishikani ovyo. Dawa ikikatwa ghafla, faida hii yaweza kupotea ndani ya siku chache tu.

Hatusemi kushuka kwa LDL, yaani kolesteroli mbaya, ni jambo dogo. Faida kubwa bado inatoka huko. Lakini utafiti wa REPRIEVE wa mwaka 2023, uliohusisha Uganda pia, uliwapa pitavastatini, statini nyingine, miligramu 4 watu wenye VVU ambao wengi wao kolesteroli yao haikuwa ya kutisha, na matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa takriban theluthi moja.

Simvastatini, nayo ni statini, inywewe usiku, kwa kuwa haikai sana mwilini; atovastatini saa yoyote, mradi iwe ileile kila siku. Anayetumia amlodipini (dawa ya shinikizo la damu) asizidishe miligramu 20 za simvastatini. Anayetumia ritonaviri (dawa ya VVU) au klarithromaisini (antibiotiki) asiguse simvastatini kabisa, kwani hujazana mwilini na kuharibu misuli. Mjamzito amwone daktari mapema.

Misuli ikiuma kidogo, usikate dawa mwenyewe. Dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa. Ikiuma sana na mkojo ukawa kama chai ya rangi, acha dawa na ufike hospitali siku hiyohiyo.

Wafamasia,
Tanga