Ndugu Mhariri, Chili Peppers sio wale wanne tu

Ndugu Mhariri,

Salaam. Ile makala yenu ya kurasa za burudani kuhusu Red Hot Chili Peppers nimeisoma yote, na kwanza niseme asante maana ni nadra mno gazeti la Kiswahili kugusa rock. Sisi tunaopenda magitaa makali tumeshazoea kupewa bongo fleva na singeli mwaka mzima, sio mbaya, ila na sisi tupo. Sasa mwandishi wenu kaandika kwamba hii bendi imedumu miaka 40 na watu wale wale wanne tangu Los Angeles mwaka 1983, yaani Anthony Kiedis anaimba, Flea besi, John Frusciante gitaa, Chad Smith dramu. Hapo nikasema hapana bwana, hii lazima nijibu.

1983 Frusciante alikuwa mtoto wa miaka 13. Chad Smith alikuwa huko Michigan anapigia dramu bendi zingine, hao jamaa wa Los Angeles hata hajawajua. Wanne wa mwanzo walikuwa Kiedis, Flea, Hillel Slovak kwenye gitaa na Jack Irons kwenye dramu, wote wamesoma shule moja ya Fairfax High. Na huyu Slovak sio wa kurukwa hata kidogo. Flea, ambaye jina lake halisi ni Michael Balzary na kazaliwa Australia, alikuwa mtu wa tarumbeta na jazz, rock hakuwa na habari nayo, Slovak ndiye aliyemshawishi ashike besi ili aingie kwenye bendi yao ya shule. Kwahiyo lile besi ambalo leo kila kijana anayejifunza gitaa anataka kulipiga chanzo chake ni mtu ambaye makala yenu haijamtaja hata mara moja.

Na bendi yenyewe ilianza kama mzaha tu. Walipanda jukwaani kupiga wimbo mmoja, tena wamejipa jina refu la ajabu, Tony Flow and the Miraculously Majestic Masters of Mayhem, watu wakawaambia rudini tena na ndio hivyo ikawa bendi. Slovak na Irons wao walikuwa na bendi yao nyingine, What Is This?, hiyo ndio waliyoiona ya maana. Ikatokea bendi zote mbili zikapata mkataba wa kurekodi karibu wakati mmoja, wakaambiwa chagueni, wakachagua ile nyingine! Ndio maana albamu ya kwanza ya Chili Peppers ya 1984 nusu ya waanzilishi hawamo, gitaa kapiga Jack Sherman na dramu kapiga Cliff Martinez. Sherman akapigwa chini mapema 1985, Slovak akarudi, wakaenda Detroit kurekodi Freaky Styley chini ya prodyuza George Clinton, baba wa muziki wa funk mwenyewe, na ukiangalia majina ya watunzi wa nyimbo kwenye hiyo albamu Sherman yumo, mtu kaondoka lakini jasho lake limebaki. Baadaye Martinez nae akatoka, akaja kuwa mtunzi mkubwa tu wa muziki wa filamu huko Hollywood, na Irons akarudi kwenye dramu zake.

Hivyo hesabu wenyewe. Albamu ambayo wale wanne wa mwanzo wanasikika wote pamoja ni moja tu, The Uplift Mofo Party Plan ya 1987. Moja! Juni 1988 Slovak akafariki kwa heroini akiwa na miaka 26. Kiedis nae alikuwa kwenye unga huo huo. Irons alishindwa kuendelea, alisema hataki kukaa kwenye bendi ambayo marafiki zake wanakufa, akaondoka. Na hapa nina la pembeni kidogo, maana Irons huyu huyu ndiye baadae aliyempa Eddie Vedder ile kaseti ya wale jamaa wa Seattle waliokuwa wanatafuta mwimbaji, Vedder akawa mwimbaji wao, ndio ikawa bendi ya Pearl Jam, na Irons mwenyewe akaja kuwapigia dramu kuanzia 1994 hadi 1998. Mtu wa namna hii mnamwachaje.

Baada ya msiba wakamchukua Blackbyrd McKnight aliyetoka kwa kina Clinton, kwenye gitaa, na D.H. Peligro wa bendi ya Dead Kennedys kwenye dramu, hawakudumu. Ndipo akaja dogo Frusciante, miaka 18, shabiki wa Slovak kweli kweli, nyimbo za bendi anazijua zote kwa kichwa. Chad Smith akaja mwishoni mwa 1988, wanasema alivyokuja kufanyiwa majaribio jamaa walimwona kama mtu wa hevi metali kwa nywele zake, Kiedis akamwambia anyoe upara, akagoma, wakamchukua hivyo hivyo. Tangu hapo dramu haijabadilika mkono. Hicho ndicho kikosi cha Blood Sugar Sex Magik ya Septemba 1991, wamejifungia kwenye jumba moja Los Angeles na prodyuza Rick Rubin, wakatoka na Give It Away na Under the Bridge iliyofika namba 2 kwenye chati ya Billboard ya Marekani mwaka uliofuata. Hapo simbishii mwandishi wenu, hicho ndicho kikosi ambacho dunia inakijua.

Lakini kilikaa muda gani? Mei 1992 wakiwa Japani, masaa machache kabla ya shoo Frusciante akasema mimi naacha bendi. Wakambembeleza apige hiyo shoo ya mwisho, akapiga, akaondoka. Umaarufu ulimzidi. Hawa watu walikuwa katikati ya ziara, wamebakiza miezi miwili na kitu waingie kwenye tamasha la Lollapalooza kama bendi kubwa kuliko zote, gitaa hakuna! Akaokoa jahazi Arik Marshall, kijana wa Los Angeles, akameza nyimbo zote kwa muda mfupi akapiga Lollapalooza nzima, akaonekana kwenye video ya Breaking the Girl, mpaka kwenye katuni ya The Simpsons yumo. Kwenye albamu hayumo hata moja, ndio bahati yake ilivyokuwa. Baada yake akaja Jesse Tobias, huyo ukipepesa macho umemkosa.

Halafu Dave Navarro, aliyetoka bendi ya Jane's Addiction. Sasa hapa ndugu mhariri mtaniwia radhi nitakaa kidogo maana huyu anaonewa sana. Shoo yake ya kwanza ni tamasha la Woodstock ya 1994, wametoka jukwaani wamevaa mabalbu makubwa kichwani, hata hawaoni vizuri wanachopiga. Albamu aliyopiga, One Hot Minute ya 1995, iliuza kidogo ukilinganisha na iliyotangulia, na tangu hapo watu wanaiongelea kama vile ni aibu ya familia, na bendi yenyewe kwa miaka mingi ilikuwa kama imezisahau zile nyimbo jukwaani. Mi nasema isikilizeni tena. Ni nzito, ina giza, gitaa limejaa mawimbi, haina ule ucheshi wa zamani, kwasababu Kiedis alikuwa amerudi kwenye madawa na hicho ndicho kilichokuwepo ndani ya chumba. Navarro alikuwa mtu wa rock nzito sio mtu wa funk, kosa liko wapi? Ungemtaka apige kama Slovak ungemwita nani? Wakaachana 1998.

Wakati wote huo Frusciante alikuwa ameteketea na unga, kweli kweli, mpaka watu walishamkatia tamaa. Mwanzoni mwa 1998 akaingia soba, akatoka mzima, Flea akamfuata akamuuliza unaonaje ukirudi. Gitaa la maana hana, Kiedis akamnunulia Stratocaster ya 1962. Mwaka mmoja baadae wakatoa Californication, iliyouza zaidi ya nakala milioni 15 duniani, halafu By the Way 2002, halafu Stadium Arcadium 2006, nyimbo 28 kwenye diski mbili, albamu yao ya kwanza kushika namba 1 Marekani. Sisi tuliokulia muziki wa dansi hatushangai sana mtu kutoka na kurudi, Mzee Gurumo si alitoka Msondo akaenda Sikinde na baadae akarudi Msondo, watu wakampokea. Ila kurudi kutoka pale alipokuwa Frusciante, hiyo ni habari nyingine.

Na 2009 akaondoka tena! Safari hii kwa amani, alitaka kufanya muziki wake wa kielektroniki nyumbani. Akaingia Josh Klinghoffer, rafiki yake aliyekuwa tayari anawasaidia kwenye ziara ya 2007. Josh amekaa miaka 10. Kumi, ndugu mhariri, mfululizo, ukimtoa Frusciante na kile kipindi chake cha pili cha 1998 hadi 2009 hakuna mpiga gitaa mwingine aliyekaa kwenye hicho kiti muda mrefu hivyo bila kutoka. Kaacha I'm with You ya 2011 na The Getaway ya 2016, ile yenye Dark Necessities, na sauti yake ya kuitikia nyuma ni tamu ajabu. Makala yenu imempa maneno sifuri.

Kwenye Rock and Roll Hall of Fame, ile orodha ya heshima ya magwiji wa rock huko Marekani, ndio kuna kizungumkuti. Waliingizwa Aprili 2012, wakaingizwa Kiedis, Flea, Smith, Frusciante ambaye hata hakwenda, Klinghoffer, Irons, Martinez, na marehemu Slovak ambaye tuzo yake ilipokelewa na kaka yake. Josh alikuwa na miaka 32 na albamu moja tu na bendi, akawa mtu mdogo kuliko wote kuwahi kuingizwa. Sawa, hongera yake. Lakini Navarro hayumo na Sherman hayumo! Sherman alilalamika hadharani na mi naona alikuwa na haki. Ukisema kigezo ni kupiga kwenye albamu, kapiga ya kwanza kabisa. Ukisema ni kutunga, majina yapo. Martinez aliyepiga nae hiyo hiyo albamu kaingia, sasa huyu kakosa nini? Sherman amefariki Agosti 2020 akiwa na miaka 64 bila hiyo heshima.

Desemba 2019 bendi ikatangaza Instagram kwamba wanaachana na Josh na Frusciante anarudi. Anaingia kwenye bendi kwa mara ya tatu hiyo. Mashabiki wengi tulifurahi, na mi nilifurahi siwezi kudanganya, maana Frusciante akipiga noti moja tu na akanyamaza mahali pa kunyamaza unajua ni yeye. Mwaka 2022 wakatoa albamu mbili, Unlimited Love ya Aprili na Return of the Dream Canteen ya Oktoba, ya kwanza ikashika namba 1 Marekani na ya pili ikafika namba 3. Lakini Josh aliambiwa kwamba kazi yake imeisha wakati anaandaa nyimbo nao za albamu mpya, na bado alipoongea na waandishi hakumtukana mtu, akasema wale watatu na John wana historia yao. Akaenda kupiga na Pearl Jam kwenye shoo zao, kule kule alikopita Irons.

Kwahiyo ombi langu ni dogo, mtoe masahihisho. Msiseme watu wanne tangu 1983, semeni watu wawili, Kiedis na Flea, Smith yupo tangu 1988, wengine wote wamekuja wakapita, wengine wamerudi, mmoja amekufa akiwa kazini. Nafasi kwenye gazeti najua ni finyu lakini majina ya Slovak, Irons, Sherman, Martinez, Marshall, Navarro na Klinghoffer yanaenea kwenye mistari miwili.

Na jambo la mwisho. Ile picha kubwa mliyoiweka juu ya makala, mmeandika chini yake John Frusciante akiwa kazini. Yule sio John, yule ni Josh.

Wasalaam,
Shabiki wa magitaa, Tanga