Barua ya Wazi kwa Mpwa Wangu Anayewajibu Wanagenzi

Mpwa wangu,

Huku Busia, upande wa Uganda, tu wazima, na mama yako anakusalimu. Nakuandikia hadharani kwa sababu na wewe majibu yako huyatoa hadharani, mbele ya mamia ya watu wanaojifunza kuandika programu, na mmoja wa uliowajibu juzi ni binti anayejifunzia katika maabara ya kompyuta ninayoisimamia.

Huenda swali lake umekwisha kulisahau. Programu yake fupi ya lugha ya Python ilikataa kuendeshwa kwa kosa la ujongezaji: mstari mmoja aliusogeza ndani kwa kitufe cha Tab, uliofuata akausogeza kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara nne, na kwa kuwa kwenye kioo mistari yote miwili ilionekana imelingana sawasawa, hakuweza kujua kilichoharibika. Akaambatisha picha ya kioo aliyoipiga kwa simu. Wewe ukamwambia kwamba mtu asiyeweza hata kunakili maandishi akauze nyanya sokoni, na wenzako wakacheka.

Kanuni ya kuweka msimbo, yaani mistari ya programu, kwa maandishi badala ya picha siipingi hata kidogo, maana anayetaka kusaidia lazima aweze kuunakili na kuuendesha mwenyewe, na mwenye tatizo lile lile mwakani hataweza kulitafuta ndani ya picha. Ila hukujiuliza kwa nini alipiga picha. Kompyuta zetu hazina intaneti. Kilicho na intaneti ni simu, ya dada yake, kwa bando ambalo tangu Julai 2021 linatozwa kodi ya asilimia 12. Nyumbani anazungumza Kisamia, sokoni Kiswahili, na swali lake aliliandika kwa Kiingereza cha darasani, kisha akalisoma mara kadhaa kabla ya kulituma. Sentensi mbili zingetosha: usichanganye Tab na nafasi katika fungu moja, na siku nyingine uchape mistari yenye kosa badala ya kuipiga picha. Kwa kweli hizo si ngumu kuandika kuliko kejeli uliyoandika.

Najua utakalosema, kwamba ukali ndio unaolinda ubora, na kwamba hata Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo wa kompyuta wa Linux, uliyekuwa ukibandika picha yake ukutani, hakuwabembeleza watu. Basi soma habari yake mpaka mwisho. Septemba 2018 aliwaomba radhi wenzake wa Linux kwa mashambulizi aliyokuwa akiyaandika katika barua pepe, akakaa kando kwa wiki kadhaa ili atafute msaada wa kujirekebisha, na mwezi huo huo mradi ukapokea kanuni za mwenendo. Viraka vibovu, yaani marekebisho mabaya ya msimbo yanayoletwa na watu, vinakataliwa hadi leo. Kukataa kazi mbovu na kumdharau aliyeileta ni mambo mawili, na wewe umeyafunga pamoja kana kwamba moja haliwezi kusimama bila jingine.

Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu iliyoanzishwa mwaka 2008, nayo ilikiri waziwazi Aprili 2018 kwamba watu wengi, hasa wageni na wanawake, waliiona kuwa mahali pakali, na Agosti mwaka huo ikatoa kanuni mpya za mwenendo. Taratibu zake zilikuwa baridi vya kutosha hata bila matusi: mgeni alianza na alama 1 ya sifa, na mpaka afikishe 50 hakuweza kuweka maoni chini ya jibu la swali la mtu mwingine, hata kama alitaka tu kuomba ufafanuzi.

Tangu ChatGPT, programu ya akili bandia inayojibu maswali, ilipotokea Novemba 2022, maswali huko yamepungua sana. Sababu si moja, lakini sishangai kwamba mwanagenzi anaikimbilia mashine isiyomcheka. Hofu yangu ni kwamba mashine hiyo hukosea kwa adabu na kwa kujiamini, na yeye, akiwa peke yake na simu yake, hana mtu wa kumwambia kwamba amedanganywa. Mtu huyo ungekuwa wewe. Isitoshe, swali linaloulizwa faraghani halimfaidii anayekuja nyuma, na wewe mwenyewe ulijifunza kazi hii kwa kusoma maswali ya wengine, yakiwemo ya kipuuzi.

Sikuombi uwe mlezi wa kila mtu. Ukichoka, pita bila kuandika neno. Swali la Tab litajibiwa na mwingine. Na kama picha zinakukera kiasi hicho, andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi unaoeleza jinsi ya kuuliza swali: ujumbe wa kosa unakiliwaje, msimbo unafupishwaje mpaka ibaki sehemu yenye tatizo tu, na mtu mwenye simu peke yake afanyeje. Nitumie kabla shule hazijafungwa, nami nitauchapisha na kuubandika kwenye mlango wa maabara.

Mjomba wako,
Busia