Kasoro za ombi la mkopo zitolewe kwa maandishi, zote kwa pamoja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri hapa Tanzania, ile isiyo na riba inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Yanasemwa mengi kuhusu marejesho. Mimi nataka kusema juu ya hatua ya mwanzo kabisa, ya ombi la kikundi kukubaliwa kuwa limekamilika, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunakwama.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake tunaonunua, kukausha na kuuza dagaa katika mwalo mmoja, yaani mahali mitumbwi ya wavuvi inaposhusha mzigo, wa Ziwa Victoria. Tuliomba mkopo wa kujenga chanja za waya na kununua maturubai na mizani. Dagaa wa kwenye chanja hawashiki mchanga, hukauka upesi, na mnunuzi wa mjini huwapa bei nzuri. Walioanikwa chini mvua ikiwakuta huoza au kupoteza rangi, na hapo mteja anayebaki ni wa chakula cha kuku. Ndiyo maana ombi letu tuliliandaa wakati wa kiangazi, tukitaka chanja ziwe zimesimama kabla ya vuli.

Tulipeleka fomu pamoja na katiba, cheti cha usajili, muhtasari wa kikao tulichokubaliana kukopa, andiko la mradi, barua ya mtendaji wa kijiji, namba za NIDA za wanachama na taarifa za akaunti ya benki. Tukaambiwa muhtasari hauna saini za wanachama wote. Tukakusanyana, tukasaini. Tukaambiwa jina la kikundi kwenye cheti halilingani na la benki, kwa kuwa karani wa benki alilifupisha alipofungua akaunti. Benki iko mjini, na watia saini wote watatu wanatakiwa kufika wenyewe, kwa nauli yao, siku ambayo pengine mitumbwi imeingia na mzigo. Hilo nalo likarekebishwa. Ndipo ikadaiwa proforma, yaani karatasi ya makadirio ya bei, ya muuza waya, kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekitaja.

Sipingi hata moja kati ya hizo. Zote zilikuwa kasoro za kweli. Lakini ofisa aliyefungua bahasha yetu mara ya kwanza angeweza kuziona zote tatu kwa kikao kimoja na kutuandikia. Badala yake tulielezwa moja moja, kwa mdomo, dirishani, na kila tuliporudi tulikuta ofisa mwingine anayeanza upya. Mvua zikaanza, na fedha za robo ile zikawa zimeshagawiwa.

Fedha hizi ni haki iliyowekwa na sheria. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato hayo ya ndani ni pamoja na ushuru tunaoutoa sisi wenyewe pale mwaloni, na ushuru huo una stakabadhi yenye tarehe. Ombi letu la mkopo halikupewa stakabadhi yoyote. Hatuwezi kuthibitisha tulilipeleka lini, wala kuuliza kwa nini waliokuja nyuma yetu wametangulia.

Najua uhakiki umekazwa kwa sababu. Mwaka 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii baada ya ukaguzi kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, na ilipoirejesha mwaka 2024 masharti yalikuwa yamebadilika. Vikundi hewa viliwaumiza wanawake wa kweli wenye biashara za kweli, kwa hiyo mimi ni wa kwanza kutaka ofisa aje mwaloni, atuhesabu, aone mitandio yetu inavyonuka dagaa. Tena namwonea huruma afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye ana vikundi vingi na mara nyingi hana hata pikipiki ya kumfikisha. Ila kuandika kasoro zote kwenye karatasi moja kunampunguzia kazi na yeye pia, maana hatalifungua jalada lilelile kila tukirudi.

Lipo na jambo la mtandao. Maombi siku hizi yanaingizwa kwenye mfumo, na wengi wetu tunajaziwa stashenari kwa malipo. Kijana wa stashenari anabaki na nywila ya kikundi, wakati mwingine na namba yake ya simu ndiyo iliyosajiliwa, kwa hiyo ujumbe wa kuturudishia ombi unaishia kwake. Hili linanitia hofu kuliko mengine yote. Ofisi ya kata ingetenga siku moja kwa wiki ya kutusaidia kuingiza maombi bure, mlango huo ungefungwa.

Ninaloomba kwa halmashauri ni hili. Orodha kamili ya viambatisho, pamoja na mfano wa muhtasari uliokubalika, vibandikwe kwenye ubao wa kila kijiji na kata. Ombi likipokelewa, nakala yetu igongwe mhuri wenye tarehe. Likiwa na kasoro, ziandikwe zote mara moja, ofisa aweke jina na saini. Na likikamilika tuambiwe hivyo kwa maandishi, ili tarehe hiyo ndiyo iamue nafasi yetu kwenye foleni.

Nakala ya barua hii nimempa diwani wetu, na nimemwomba aiwasilishe kwenye kikao kijacho cha baraza la madiwani. Waheshimiwa madiwani wa halmashauri nyingine watakaoisoma, nawaomba waulize kwao pia.

Katibu wa kikundi cha wanawake wachakataji wa dagaa,
Kanda ya Ziwa
(Jina na anuani vimehifadhiwa)