Shule zapekua walimu, zasahau matroni na deiwaka

Mhariri,

Shule binafsi za Mbeya, Iringa na Njombe zikikaribia kufunguliwa, mwalimu anayeomba kazi hudaiwa vyeti halisi na nakala zenye muhuri wa wakili. Matroni, ambaye ndiye analala na watoto bwenini, huletwa na shangazi yake anayepika hapo hapo shuleni na kuanza kazi jioni ile ile.

Anayejitahidi kidogo huleta barua ya mwenyekiti wa mtaa. Barua hiyo inasema tu kwamba mtu anaishi Uyole. Aliyehamia mwezi uliopita anaipata pia. Cheti cha polisi kinachotolewa kwa alama za vidole ni afadhali, maana jina la kwenye cheti cha kidato cha nne huweza kutofautiana na la NIDA, lakini vidole ni vile vile. Hata hivyo cheti hicho hakioni kesi ya kunyanyasa mtoto iliyomalizwa kifamilia. Wazee wamekaa, fidia imetolewa, mtuhumiwa kahama Makete kaja Mbalizi, na rekodi yake ni safi.

Kinachoziba pengo hilo ni simu kwa waajiri wawili wa mwisho. Usitumie namba iliyoandikwa kwenye wasifu wake, huenda ni ya binamu. Omba namba ya shule kwa afisa elimu kata. Uliza alifanya kazi gani, tangu lini hadi lini, aliondoka kwa nini, na kama wangemrudisha kukaa na watoto. Mtu akisita kwenye swali hilo la mwisho, mbane. Dai pia cheti cha utumishi, ambacho Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akitoe ajira inapokoma. Miaka isiyo na maelezo iulizwe mmoja mmoja. Kwa mwalimu aliyewahi kuwa serikalini, ulizia mashauri ya nidhamu Tume ya Utumishi wa Walimu. Na wakuu wa shule wanaomwandikia mtu barua nzuri ili aondoke kimya kimya wajue wanampelekea mwenzao balaa.

Akishaajiriwa, asipewe ufunguo wa bweni wala zamu ya usiku peke yake kwa miezi sita ya kwanza. Sheria hiyo hiyo ya ajira haimpi kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki mfanyakazi asiyefikisha miezi sita, kwa hiyo dosari zitafutwe mapema.

Basi la shule ndilo linalosahaulika kabisa. Dereva aliyepekuliwa Januari, ifikapo Machi amempa usukani deiwaka, yaani dereva wa kushikia kwa siku, na konda naye ni mwingine. Mkataba na mwenye gari utaje majina na kubandikwa picha zao, na mwalimu wa zamu azilinganishe na sura getini kila asubuhi. Mzazi akikuta mtu asiyemjua kwenye usukani, asimpandishe mtoto kabla ya kupiga simu shuleni. Akiwa na wasiwasi wa unyanyasaji, namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure.

Msomaji wenu,
Mafinga, Iringa