Kompyuta za ofisini nazo zilale

Mhariri,

Wiki iliyopita nilirudi ofisini saa tatu usiku kuchukua funguo nilizosahau. Taa zilikuwa zimezimwa, lakini kompyuta 20 zilikuwa zinawaka, feni zinavuma, skrini zinachezesha picha za samaki. Wengi wanadhani picha hizo zinaokoa umeme. Haziokoi, skrini inawaka vilevile.

Tuhesabu. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake ikila wati 80, basi kwa saa 14 za jioni hadi asubuhi hizo 20 zinamaliza uniti 22. Usiku mmoja! Nyumbani kwangu uniti hizo ni za siku kadhaa, na mita ya LUKU ikianza kulia kwamba umeme unaisha kila mtu anashtuka. Ya ofisini hatuisikii.

Tena si umeme wote unaotoka Bwawa la Nyerere, linalozalisha umeme kwa maji. Sehemu yake bado inatokana na gesi ya Songosongo na Mnazi Bay, ambayo ikichomwa inatoa hewa ukaa.

Nawaomba wakuu wa TEHAMA waziweke kompyuta zilale zenyewe zikikaa dakika 15 bila kuguswa. Ni kazi ya mara moja, hainunuliwi. Na wa mwisho kutoka azime swichi ya ukutani.

Mfanyakazi wa ofisini,
Dar es Salaam