Lango la Seoul na michoro ambayo hatujaichora

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja inayozuka kila jengo la kale linapobomolewa au kuteketea hapa Uganda, kwamba hakuna kilichopotea maadamu picha zipo, kwa kuwa siku fedha zitakapopatikana litajengwa jingine la kufanana nalo. Wenye hoja hiyo ningewaomba watazame yaliyoupata mji wa Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, ambao una fedha, mafundi na wataalamu, na hata hivyo una lango moja ambalo halijasimama tena kwa zaidi ya miaka 100.

Lango hilo ni Donuimun, la upande wa magharibi, mojawapo ya malango makuu manne ya ukuta wa mji. Lilijengwa kwanza mwaka 1396, likajengwa tena mahali pengine mwaka 1422, na mwaka 1711 jengo la mbao lililokaa juu ya tao la mawe likajengwa upya. Mwaka 1915 utawala wa kikoloni wa Japani ulilibomoa ili kupanua njia ya tramu, na mbao zake zikapigwa mnada. Kilichosalia ni ubao wenye jina la lango, uliohifadhiwa katika makumbusho, pamoja na picha zilizopigwa kabla ya kubomolewa.

Anayetaka kujua umbo lake halisi hana budi kuzibana picha hizo zitoe vipimo ambavyo mpiga picha hakukusudia kuvitoa. Hutafuta ndani ya picha kitu ambacho ukubwa wake unajulikana kwa njia nyingine, na hapo ile tramu iliyoliponza lango ndiyo inayomsaidia: tangu mwaka 1899 reli zake zilipita chini ya tao, na upana wa reli ukishajulikana, upana wa tao hukadiriwa, kisha kimo cha ukuta, kisha urefu wa paa. Yasiyoonekana huyakisia kwa kulinganisha na malango yaliyobaki, lakini jengo la sasa la lango la mashariki, Heunginjimun, ni la mwaka 1869, yaani miaka 158 baada ya lile la Donuimun, na seremala wa zama moja hachongi vishikizo vya paa kama seremala wa zama nyingine. Unene wa boriti za ndani na jinsi zilivyounganishwa, picha ya nje haiwezi kuvieleza hata ikikuzwa mara ngapi. Tena yote hayo yakipatikana, umbo litakalorudi ni la mwaka 1711. La mwaka 1422 hakuna kamera iliyoliona. Mwaka 2019 lango lilirejeshwa kwa njia ya kidijitali tu, ili mtu asimame kwenye njia panda lilipokuwa na kulitazama katika simu yake. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uungwana, kwa sababu mchoro wa simu ukigundulika una kosa husahihishwa, na jiwe lililokwisha kujengwa halisahihishwi kirahisi.

Sasa tazama Suwon, kusini ya Seoul. Ngome ya Hwaseong ilijengwa kati ya mwaka 1794 na 1796 kwa amri ya Mfalme Jeongjo, na mwaka 1801 ikachapishwa taarifa kamili ya ujenzi, yenye michoro ya kila sehemu, vifaa vilivyotumika, gharama, na hata majina ya mafundi na ujira wao. Lango lake la kaskazini, Janganmun, liliharibiwa katika Vita vya Korea. Lilipojengwa upya miaka ya 1970, wajenzi walikuwa na kitabu cha kufuata, na mwaka 1997 UNESCO iliiandikisha ngome hiyo kuwa urithi wa dunia licha ya sehemu zake zilizojengwa upya. Vivyo hivyo lango la kusini la Seoul, Sungnyemun, lilichomwa moto Februari 2008, ilhali michoro yake ya vipimo ilikuwa imetayarishwa mwaka 2006 kwa tahadhari tu. Lilifunguliwa tena mwaka 2013, ingawa rangi zake zilianza kubanduka baada ya miezi michache, jambo lililozua lawama kubwa, maana ujuzi wa rangi na gundi za asili ulikuwa umefifia.

Hapo ndipo ninapoifikiria Kasubi, makaburi ya wafalme wa Buganda hapa Kampala. Moto wa tarehe 16 Machi 2010 ulipoiteketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba walimozikwa wafalme wanne wa Buganda, ujuzi wa kuezeka ulikuwa bado uko mikononi mwa ukoo wa Ngeye, na ndiyo maana pete 52 za paa zinazowakilisha koo za Buganda ziliweza kurudi. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini majengo yetu mengi hayana ukoo wa kuyakumbuka. Nyumba za maduka zilizojengwa na Wahindi mjini Jinja, pamoja na vituo vya zamani vya reli, hazina mzee anayeweza kusimulia boriti zake zilivyokaa, na nyingi hubomolewa kabla mtu hajazipima.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha nyingi. Halmashauri za miji zisitoe kibali cha kubomoa au kubadili jengo la kale mpaka lipimwe na kuchorwa, nje na ndani, paa na msingi, na nakala ziwekwe katika halmashauri yenyewe na katika Makumbusho ya Uganda. Wanafunzi wa usanifu majengo wa Makerere wanaweza kuifanya kazi hiyo kama sehemu ya masomo yao. Vilevile mafundi wazee wa kuezeka waandikwe na warekodiwe wakiwa kazini, kwa kuwa mchoro hauonyeshi jinsi fundi anavyokaza fungu la nyasi.

Wako,
Msanifu majengo, Kampala