Albamu ya pili ya marais wa Seattle si makombo

Ndugu Mhariri,

Poleni na kazi. Mimi msomaji wenu wa hapa Tororo, Uganda, gazeti lenu huku linafika na basi la jioni na likifika linapita mikono kama sita hivi kabla ya kunirudia, kwa hivo msinishangae nikijibu kitu cha wiki iliyopita.

Naongelea ile makala ya ukurasa wa burudani iliyosema bendi ya kuchekesha ikishachekesha mara moja basi imeisha, na mfano aliouchukua mwandishi wenu ni wale jamaa watatu wa Marekani waliokuwa wanaitwa The Presidents of the United States of America, eti albamu yao ya pili ilikuwa makombo ya ile ya kwanza. Nilisoma mara mbili nikaweka gazeti chini. Nikasema hapana, hili lazima nilijibu, manake hiyo albamu naijua kama ninavyojua njia ya kwenda kwetu, na kuna vitu pale vimeandikwa na mtu ambae naona kabisa hakukaa nayo hata usiku mmoja.

Nieleze nilivyoipata. Mwaka 97 nilikuwa kijana, tunakaa kwenye kwota za reli, mzee wangu alikuwa fundi wa reli na pale kwota kila mtu anaongea Kiswahili manake mmoja Mpadhola, mwingine Mteso, mwingine Msamia, mwingine katoka Kisumu na hajawahi kurudi. Nilikuwa nashinda Malaba, mpakani na Kenya, nauzauza soda kwenye foleni ya matrela, na tanboi mmoja, yaani utingo wa lori, aliyekuwa anatoka Mombasa akaishiwa hela akaanza kuuza kaseti zake pale chini ya trela. Akaniambia chukua hii ya marais. Nikampa elfu mbili na soda mbili juu. Nilipofika nyumbani jirani yetu mzee mmoja akasoma lile jina kwenye kava akaniuliza kama ni hotuba za Clinton, na wala sikumwona mjinga, manake ule mwaka uliokuwa umeisha ulikuwa wa kura, sisi tulimchagua rais tarehe 9 mwezi wa tano 1996, Wamarekani wakapiga yao tarehe 5 mwezi wa kumi na moja, na hiyo albamu, jina lake ni II tu, yaani mbili, ilitoka siku hiyohiyo ya kura yao. Naona wenyewe walipanga hivo. Ni utani, ndio, lakini angalia ulivyokaa, mtu anajiita Rais wa Marekani alafu anatoa kanda siku watu wanapanga foleni kumchagua Rais wa Marekani.

Sasa twende kwa muziki wenyewe, manake hapo ndo mwandishi wenu amepita mbio. Amesema ni bendi ya gitaa, besi na ngoma kama bendi nyingine zote za roki ile wanaita altanetivu. Si kweli jamani. Ile bendi haikuwa na besi la kawaida kabisa. Chris Ballew, yule aliyekuwa anaimba, alikuwa anapiga gitaa lililotolewa nyuzi zote sita likafungwa nyuzi mbili nene za besi, wameliita basitar. Dave Dederer yeye lake lilikuwa na nyuzi tatu, wakaliita guitbass. Jason Finn alikuwa kwenye ngoma. Yaani bendi nzima ilikuwa na nyuzi tano! Bendi ya kawaida gitaa moja peke yake linawazidi. Na kwa hizo tano walitoa albamu ya kwanza mwaka 1995, ikaanzia kampuni ndogo ya hapo kwao Seattle inaitwa PopLlama, kampuni kubwa ya Columbia wakaichukua mwaka huohuo, ikauza zaidi ya nakala milioni tatu Marekani peke yake.

Mimi hilo la nyuzi halikunishangaza vile lilivyowashangaza Wazungu, na nitasema kwa nini. Pale kwota kulikuwa na mzee Msoga anapiga ndingidi. Mnaijua ndingidi, kale kazeze ka uzi mmoja, kijiti kirefu kimechomekwa kwenye kakopo ka mbao kaliyofunikwa ngozi ya kenge, na upinde wa kusugulia. Uzi mmoja! Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa lakini yule mzee kwa vidole viwili vitatu kwenye uzi mmoja alikuwa anatuvunja mbavu mpaka saa tano usiku, anaiga mama anayemfokea mumewe mlevi, anaiga jogoo, anaiga gari moshi linapanda mlima, alafu ghafla anaingiza wimbo wa marehemu mke wake na hakuna anayecheka tena. Kwa hivo nilipoweka ile kaseti na kusikia nyuzi mbili zinavuma zile, nilijua niko nyumbani. Na gitaa langu mimi wakati ule lilikuwa limebaki nyuzi tatu, nyingine zilikatika na za kununua zilikuwa mpaka Kampala. Nilikuwa naona aibu kulitoa nje. Ile wiki nilikaa kitandani nikafunga zile tatu vizuri, nikazilegeza chini, nikalaza kidole kimoja juu ya zote kikatoka kitu kizito kama trela linawashwa, nikatelezesha kidole juu, nikarudisha chini, mama akaja mlangoni kuangalia ni nini. Nimepiga gitaa tangu siku hiyo mpaka leo.

Na hilo wazo la nyuzi mbili Ballew hakuliokota kwa mchezo. Alilipata Boston kwa Mark Sandman wa bendi ya Morphine, ambae besi lake la nyuzi mbili lilikuwa la huzuni tupu, muziki wa usiku wa manane, na Sandman mwenyewe alikuja kufia jukwaani Italia mwaka 1999. Sasa niambieni, chombo kilekile kwa mmoja kinabeba majonzi, kwa mwingine kinabeba chura. Ni nani aliyesema chura ni mwepesi kumbeba?

Manake ndio, kwenye II kuna chura. Kuna mji wa wadudu. Kuna volkano, kuna wimbo umebeba jina la gari la mashindano la kwenye katuni ya Kijapani. Mwandishi wenu anasema eti ni mambo yaleyale, kwenye albamu ya kwanza kulikuwa na paka na mdudu wa pamba na mapichi, kwenye ya pili wamebadilisha mnyama tu. Mimi nasema hajasikiliza sauti. Ya kwanza imerekodiwa kama watu watatu wako sebuleni kwako, ni nyepesi, ina hewa. Ya pili ni nzito, ngoma zimejaa, gitaa zimenona, unasikia watu waliotoka kupiga kwenye viwanja vikubwa mwaka mzima na mikono yao imezoea kelele. Imefunguliwa kwa salamu ya kukaribisha mabibi na mabwana na imefungwa kwa salamu hiyohiyo sehemu ya pili, kama MC wa harusi anayejua kazi yake, kwa hivo katikati yake si nyimbo zilizorundikwa, ni shoo nzima imepangwa. Nakubali ziko mbili tatu hazinishiki, nikifika hapo huwa nasogeza mbele. Lakini hata mchele mzuri una chuya.

Alafu kuna hili la muda, ambalo watu wanaohukumu albamu za pili hawalifikirii kabisa. Albamu ya kwanza mtu ameitunga maisha yake yote, nyimbo zimekaa kwenye daftari miaka, zimechujwa, zimeimbwa kwa marafiki, mbovu zimetupwa. Ya pili anaambiwa haya leta. Kutoka ile ya kwanza ilipotoka kwenye kampuni ndogo mpaka II ni miezi ishirini tu, na mingi ya hiyo walikuwa barabarani wanapiga shoo. Na bado wakaleta. Haikuuza kama ya kwanza, ndio, lakini kuuza na kuwa nzuri ni vitu viwili.

Hapa ndo niseme kinachoniuma mwenyewe, Mhariri, na naomba msikikate. Mwaka 2003 sisi vijana wanne tulikuwa na kabendi, tukatoa kaseti, ndani yake kulikuwa na wimbo wa kuku aliyepandishwa taksi ya kwenda Mbale na konda anamdai nauli. Huo wimbo ulipendwa vibaya, harusini wanautaka, kwenye kafunda, vile vibaa vidogo, wanautaka, mpaka polisi wa barabarani walikuwa wananiita kuku. Tukafurahi. Tukakaa mwaka na nusu tukatunga nyingine tisa, tukauza baiskeli mbili kulipia studio, na kati ya hizo kulikuwa na moja inachekesha kuhusu mzee wa reli anayevaa yunifomu kila asubuhi anakwenda stesheni ambako treni ya abiria haiji tena. Watu wanacheka mwanzo alafu wananyamaza, kama kwa yule mzee wa ndingidi. Nikaipeleka redio moja, sitaji jina, mtangazaji akasikiliza kama nusu dakika akaitoa akaniambia, "Ssebo, nyinyi ni wachekeshaji, mchekeshaji hana albamu ya pili, lete ule wa kuku." Akapiga ule wa kuku. Kila wiki ule wa kuku. Ile kaseti ya pili haikupigwa hata siku moja na sisi wanne tuliachana kabla mwaka haujaisha, mmoja yuko Juba anaendesha lori, hajashika gitaa tena.

Kwa hivo niliposoma maneno yale yale ya yule mtangazaji yameandikwa kwenye gazeti langu mwenyewe, damu ilinichemka.

Na sisi Uganda ndo watu wa mwisho kusema kitu kama hicho. Tuna kadongo kamu, gitaa moja na mtu mmoja anasimulia, na Paulo Kafeero aliyefariki 2007 alikuwa anaweza kukuchekesha na kukuliza ndani ya wimbo mmoja mrefu, na hakuna aliyemwambia aishie kwenye wa kwanza. Watu walikuwa wanangojea kanda yake inayofuata kama wanavyongojea mvua ya mwezi wa tatu. Kwa nini wa kwetu tunampa nafasi hiyo alafu wale wa Seattle tunawanyima, na vijana wetu wa leo wanaotunga vichekesho tunawanyima?

Kitu cha mwisho. Wale jamaa waliachana mwanzoni mwa 1998, Ballew alitaka kukaa na familia yake, baadae walirudi wakatoa albamu nyingine kadhaa. Lakini angalia huyo Ballew alikoenda. Kuanzia 2009 alikuwa anaimbia watoto wadogo kwa jina la Caspar Babypants, wadudu, wanyama, vitu vidogovidogo, albamu moja baada ya nyingine. Mtu hawezi kuigiza kitu kwa miaka yote hiyo. Yule chura wa 1996 alikuwa anampenda kweli, wale wadudu wa mjini kwao alikuwa amewaangalia kweli, na ndo maana mimi kijana wa kwota niliyekuwa sielewi nusu ya Kiingereza chake nilimwelewa.

Naomba mtoe sahihisho hilo la besi, hata kama ni mistari miwili. Na mwandishi wenu, simjui lakini sina ugomvi nae, akipita Tororo kwenda Mbale ashuke hapa stendi aulize mpiga gitaa wa nyuzi tatu, wataniita. Kaseti ninayo bado, mkanda umekatika mara moja nikaunga kwa gundi ya karatasi kwenye ule wa volkano, panaruka kidogo. Tutasikiliza upande wa kwanza wote na wa pili wote bila kusogeza, hata zile zisizonishika, na kama ana muda nitampigia na ule wa mzee wa stesheni.

Wenu,
Mpiga gitaa, Tororo